Kibali Kwanza, Detekta Baadaye

Mwezi Novemba 1992 mkulima mmoja wa kijiji cha Hoxne, mashariki mwa Uingereza, alipotelewa na nyundo shambani. Akamwomba rafiki yake, Eric Lawes, aje na kigunduzi chake cha metali amsaidie kuitafuta. Lawes alipitisha mashine juu ya udongo, ikalia. Akafukua. Vilivyotoka ni vijiko vya fedha, vito vya dhahabu na sarafu, na kila alipoendelea kufukua vilizidi kutoka.

Kisha akafanya jambo ambalo wengi wetu lingetushinda: aliacha kuchimba. Taarifa zikapelekwa kwa mwenye ardhi, yaani halmashauri ya eneo hilo, na kwa polisi. Kesho yake wanaakiolojia walifika na kuitoa hazina iliyobaki ikiwa bado imekaa vile ilivyofichwa yapata miaka 1,600 iliyopita, wakati utawala wa Warumi ukielekea ukingoni katika kisiwa hicho. Walihesabu sarafu karibu 15,000, na pamoja nazo vyombo na vito karibu 200. Kwa kuwa vitu havikuvurugwa, waliona hata alama za kasha la mti lililooza, na namna vyombo vilivyopangwa ndani yake. Kimoja kati ya hivyo ni chombo kidogo cha fedha cha kuwekea pilipili manga, chenye sura ya mwanamke. Pilipili hiyo ilikuwa ikitoka India kwa merikebu zilizosukumwa na pepo za msimu, pepo zilezile zilizojenga biashara ya pwani yetu.

Hazina ya Hoxne ilithaminiwa pauni milioni 1.75, ikanunuliwa na British Museum. Lawes alipewa zawadi yake, naye akagawana na rafiki yake mkulima. Nyundo nayo ilipatikana, na imehifadhiwa katika jumba hilohilo.

Detekta, kama wengi wanavyokiita kifaa hiki, sasa zinauzwa mtandaoni kwa bei za kila namna, na vijana wanaotaka kununua huuliza kwanza ni ipi inayoingia chini zaidi. Swali la kwanza lingepaswa kuwa hili: nani amekuruhusu kutafuta hapo? Hoja ya makala haya ni moja. Kitu cha kale kina thamani pamoja na mahali kilipolala, na anayekitenganisha na mahali pake bila ruhusa wala kumbukumbu anaharibu kitu ambacho hakuna fedha itakayokirudisha.

Hazina iliyouzwa gizani

Mwaka 2015 watafutaji wawili walifukua hazina ya zama za Waviking karibu na mji wa Leominster, magharibi mwa Uingereza. Ilikuwa na bangili, pete, kidani cha jiwe angavu lililovikwa dhahabu, na sarafu za fedha zinazokadiriwa kufika 300. Hawakutoa taarifa. Walianza kuziuza sarafu chinichini, mafungu kwa mafungu. Polisi walipowafikia, sarafu zilizopatikana zilikuwa 30 na ushei tu. Mwaka 2019 mahakama iliwahukumu mmoja kifungo cha miaka 10 na mwenzake miaka minane na nusu. Rufaa ilipunguza vifungo hivyo, lakini haikurudisha sarafu.

Chache zilizookolewa zinaonyesha tulichokosa. Baadhi zina majina ya wafalme wawili wa karne ya 9, Alfred wa Wessex na Ceolwulf wa Pili wa Mercia, waliotoa sarafu za mtindo mmoja. Maandiko ya upande wa Alfred yalimchora Ceolwulf kama kibaraka wa Waviking. Sarafu zinaonyesha kwamba wawili hao walikuwa washirika. Ukurasa mzima wa historia ya taifa umeandikwa upya kwa vipande vya fedha vinavyoenea kiganjani. Vile vilivyotawanyika vingetuambia nini zaidi? Wakati huohuo, wanaume wale wangetoa taarifa kwa njia ya haki wangepata mgawo halali wa mali iliyokadiriwa kuwa na thamani ya mamilioni ya pauni.

Mashine inasikia nini

Sahani ya chini ya detekta ina koili za waya. Umeme unaogeuka mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde hupita katika koili moja na kutengeneza uga wa sumaku unaoingia ardhini. Uga huo ukikuta metali, mikondo midogo ya umeme huzuka ndani ya kipande kile na kutoa uga wake. Koili nyingine huunasa, na mashine hulia masikioni.

Chuma hutoa sauti nzito, iliyokatikakatika. Fedha na shaba nene hutoa sauti nyembamba ya juu. Katikati ndipo penye kazi: karatasi ya foili na kishikizo cha kopo la soda hulia karibu sawasawa na pete nyembamba ya dhahabu. Mtu akiiweka mashine inyamazie takataka zote, ataipita pete akiwa amesimama juu yake. Ndiyo maana watafutaji wazoefu huzoeza masikio kwanza. Huzika sarafu, msumari, pete na kifuniko cha chupa katika ua wao wenyewe, wakapima sauti moja baada ya nyingine mpaka wazijue.

Sarafu ya kawaida husikika ikiwa chini sentimita 15 mpaka 25 hivi. Mchanga wa pwani uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme, na mashine nyingi za bei nafuu hupiga kelele humo bila sababu. Udongo mwekundu wenye madini mengi ya chuma, kama ulivyo katika sehemu nyingi za bara letu, nao huichanganya mashine isipopatanishwa na ardhi kabla ya kuanza. Anayekuuzia kijiti kinachodai kuonyesha dhahabu umbali wa mita mia anakutapeli. Hakuna kanuni ya fizikia inayokiwezesha kufanya hivyo.

Panaporuhusiwa na pasiporuhusiwa

Uingereza na Wales ndiko mchezo huu ulikopata utaratibu unaojulikana zaidi, na unawahusu moja kwa moja Waswahili wengi wanaoishi huko. Hakuna shamba lisilo na mwenyewe. Ruhusa hutolewa na mwenye ardhi, na ni busara iwe ya maandishi, ikitaja siku, mipaka na namna kitakachopatikana kitakavyogawanywa. Kama shamba limekodishwa, ruhusa ya mpangaji pekee haitoshi.

Maeneo ya kale yaliyosajiliwa na serikali ni marufuku. Kutumia detekta hapo bila idhini ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1979. Ufukweni, sehemu kubwa ya ardhi inayofunikwa na maji kujaa na kupwa iko chini ya Crown Estate, shirika linalosimamia ardhi za Taji, na huko unaruhusiwa kutafuta kwa masharti yaliyotangazwa. Hata hivyo si kila ufukwe ni wake, kwa hiyo lazima uhakikishe kwanza. Kingo za mto Thames jijini London zinahitaji kibali cha mamlaka ya bandari ya mto huo, hata kwa anayetafuta kwa macho tu bila mashine.

Kitu kikishapatikana, Sheria ya Hazina ya mwaka 1996 inaeleza kipi lazima kitolewe taarifa. Mifano ni kitu chenye umri wa zaidi ya miaka 300 ambacho angalau asilimia 10 ya metali yake ni dhahabu au fedha, na fungu la sarafu za kale zilizozikwa pamoja. Taarifa hupelekwa ndani ya siku 14. Makumbusho ikikitaka kitu, hulipa thamani yake, na kwa kawaida mgunduzi na mwenye ardhi hugawana nusu kwa nusu. Vilivyobaki, yaani vifungo, vijiko, sarafu mojamoja, sheria haivilazimishi. Hata hivyo tangu 1997 kuna mpango wa hiari wa kuviandikisha, unaosimamiwa na British Museum, wenye maofisa mikoani wanaovipokea, kuvipiga picha na kumrudishia mwenyewe. Zaidi ya vitu milioni moja na nusu vimeshaandikishwa, na wanahistoria huvitumia kuchora ramani za vijiji na masoko ambayo hayakuandikwa popote.

Ukivuka mpaka, sheria hugeuka. Uskoti, vitu vya kale vyenye umuhimu ni mali ya Taji, awe nani aliyeviokota. Jamhuri ya Ireland, kutafuta vitu vya kale kwa detekta bila idhini ya serikali ni kosa. Ufaransa, anayetafuta vitu vya historia au akiolojia lazima apate idhini ya mkuu wa mkoa, juu ya ruhusa ya mwenye ardhi. Marekani, hifadhi za taifa zimefungwa kabisa kwa detekta, na sheria ya mwaka 1979 inalinda vitu vya kiakiolojia vyenye zaidi ya miaka 100 katika ardhi ya serikali kuu. Kilichoruhusiwa kwa jamaa yako wa Birmingham kinaweza kukupeleka mahakamani Dublin.

Shambani kwa adabu

Ruhusa ikishapatikana, kazi yenyewe inataka utulivu. Koili huteleza sentimita chache juu ya ardhi, sambamba nayo tangu mwanzo wa mkono mpaka mwisho, tofauti na anayefyeka nyasi, ambaye huinua kwanja kila upande. Kila mpitisho ukanyage kidogo uliotangulia. Anayekwenda haraka huacha nyuma nusu ya alichofuata.

Penye nyasi, kata udongo pande tatu uufunue kama kifuniko, weka wa chini juu ya kipande cha turubai, toa kitu, rudisha udongo wote na ukanyage. Mwenye shamba akipita jioni asijue ulikuwa wapi. Misumari, makopo na vipande vya waya ulivyotoa ondoka navyo. Usikanyage mazao, usiache geti wazi, usisumbue mifugo.

Kanuni kubwa kuliko zote ni ya kina. Katika shamba linalolimwa, jembe la trekta limeshavuruga tabaka la juu, hivyo kitu kilichomo humo kimekwisha hama mahali pake pa asili. Chini ya tabaka hilo kila kitu bado kimekaa kilipoachwa. Kwa hiyo sauti ikitoka chini ya kina cha kulimia, au ukiona vitu vingi pamoja, mifupa, vigae vingi au jiwe lililojengwa, acha. Weka alama, mwite mwenye shamba, ita wataalamu. Ndivyo alivyofanya Lawes.

Kitu kimoja nacho kina taratibu zake. Kipige picha kikiwa bado shimoni, andika vipimo vya mahali kwa GPS ya simu, kiweke kwenye mfuko wake peke yake wenye namba na tarehe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa habari ndiyo mali. Usikisugue. Sarafu iliyofikichwa kwa limau au brashi ya waya hung'aa kwa siku chache, lakini maandishi yaliyokuwa yamehifadhiwa kwenye ngozi yake ya kutu yameshaondoka.

La mwisho ni la usalama. Detekta haitofautishi kengele na bomu. Katika nyanda za Taita Taveta, ambako majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana kuanzia 1914, na katika medani nyingine za Vita vya Kwanza vya Dunia, ardhi ina risasi na vipande vya mizinga. Ukiona kitu chenye umbo la kombora, usikiguse, usikisogeze. Watoe watu wote hapo na uwaite polisi.

Huku kwetu

Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inakataza kuvitafuta, iwe kwa kuchimba au juu ya ardhi, bila leseni. Anayekiona kwa bahati anatakiwa kutoa taarifa. Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, yenye sharti kama hilo la leseni, na kwake mwaka wa mpaka ni 1895. Kwa hiyo mtu anayeingia na detekta katika magofu ya Gedi au Kilwa Kisiwani akitafuta sarafu anavunja sheria hata kabla hajainama kuchimba.

Ipo sababu ya ukali huo. Tazama sarafu moja ya Kilwa. Ni kipande chembamba cha shaba, mara nyingi kimeota kutu ya kijani. Upande mmoja una jina la sultani, upande wa pili sifa za Mwenyezi Mungu, na maneno ya pande hizo mbili yamepangwa yakapatana vina. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman, ambaye katika enzi yake msafiri Ibn Battuta alitembelea Kilwa mwaka 1331, imepatikana Zimbabwe Kuu, mbali sana na bahari. Kwa kuwa tunajua ilipopatikana, ni ushahidi wa watu na bidhaa zilizopita kati ya migodi ya dhahabu na bandari yetu. Ingeuzwa mnadani bila anwani, ingekuwa shaba ya gramu chache.

Pemba, mwaka 1984, wanaakiolojia waliochimba Mtambwe Mkuu kwa kufuata tabaka walikuta zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha zilizozikwa pamoja, na dinari chache za dhahabu za nchi za mbali. Fungu hilo lilionyesha kwamba watawala wa visiwa vyetu walikuwa wakipiga sarafu zao za fedha yapata miaka elfu iliyopita. Hebu fikiria lingekutwa usiku na watu wenye detekta na gunia.

Upo mfano mwingine, wa mbali zaidi. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliyekuwa akilinda kisiwa kimoja cha kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota sarafu kadhaa mchangani. Hakujua ni za nini, akaziweka kwenye kopo. Miaka zaidi ya thelathini baadaye wataalamu walizitambua: kati yake zilikuwamo sarafu za shaba za Kilwa. Jinsi zilivyofika huko bado ni mjadala mkubwa wa wanahistoria. Lakini mjadala huo unawezekana, na watafiti waliweza kurudi mahali penyewe mwaka 2013, kwa kuwa askari yule alikuwa amechora alama ya X kwenye ramani.

Bara tunasumbuliwa na jambo jingine: hadithi za mali na rupia za Wajerumani zinazodaiwa kufichwa ardhini. Rupia zenyewe zipo kweli. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani walipiga Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kabla mji huo haujatekwa Septemba mwaka huohuo. Kilichoongezwa ni ramani za kubuni, masanduku yenye ulinzi wa majini na wataalamu wanaodai fedha ya kafara kabla ya kuchimba. Kwa tamaa hiyo misingi ya maboma imefukuliwa, na makaburi hayakusalimika. Anayekodisha detekta kwenda kuchimbua kaburi la mtu, awe Mjerumani au babu yetu, anafanya uovu ambao hakuna leseni inayoweza kuuhalalisha.

Wanaotafuta dhahabu ya ardhini wana njia yao iliyo wazi. Mtanzania anaweza kuomba Tume ya Madini leseni ndogo ya uchimbaji, kwa eneo lisilozidi hekta 10, na kuuza katika masoko ya madini yaliyofunguliwa tangu 2019. Kupitisha detekta katika leseni ya mwingine, Chunya au Geita, bila makubaliano naye, ni kuingilia mali ya mtu.

Pa kuanzia

Je, anayependa tu mchezo wenyewe afanye nini? Aanze na ua wake, kisha shamba la ndugu au rafiki lisilo karibu na magofu, makaburi wala misikiti ya kale. Kijijini, ajitambulishe kwa mwenye shamba na kwa mwenyekiti kabla ya kutoa mashine kwenye begi, aeleze anatafuta nini na aache namba yake ya simu. Ufukweni mbele ya hoteli, azungumze na meneja.

Zipo kazi nyingi za heri kwa kifaa hiki. Jirani amepoteza pete ya ndoa akipalilia mahindi. Fundi anatafuta koki ya bomba iliyofunikwa na kifusi. Familia mbili zinagombana kwa kuwa bikoni ya kiwanja imezama udongoni, na nondo iliyo ndani ya zege lake inasikika vizuri kabisa. Hapo mtafutaji aonyeshe ilipo tu na amwachie mpima ardhi, maana kuing'oa ni kosa. Mwenye sifa ya kurudisha vitu vya watu hataombwa aondoke shambani, ataitwa.

Kwa wizara na makumbusho zetu nina ombi. Sheria zinamtaka mwananchi atoe taarifa, basi zimrahisishie. Kila halmashauri iwe na namba moja ya simu inayopokelewa, fomu ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, na cheti cha shukrani chenye jina la aliyeleta kitu na kijiji chake. Mkulima aliyeinua sarafu kwa jembe hapaswi kuogopa kwamba akiipeleka serikalini atahojiwa kama mwizi. Mpango wa Uingereza ulifanikiwa kwa sababu mtu alipokelewa kwa heshima.

Na wewe ndugu msomaji, kabla hujaagiza mashine, pata ruhusa ya maandishi ya shamba moja na uisome sheria ya nchi uliyomo. Ukikutana na kitu cha kale, acha mikono, piga picha, andika mahali, na siku hiyohiyo mjulishe mwenye ardhi na afisa utamaduni wa halmashauri au makumbusho iliyo karibu. Historia ya pwani na bara letu bado sehemu kubwa iko chini ya miguu yetu, na itasomeka tu tukiifukua kwa utaratibu.